Mlinzi wa Santuri za Neville

Hivi wewe, umewahi kuketi mbele ya ngoma yako mwenyewe, ile uliyoizoea tangu usichana, miguu ikikuwasha chini ya meza, na huwezi kuinuka? Usinijibu upesi. Msikie kwanza Glenda Entwistle, ndipo ujipime.

Jumapili hiyo alasiri aliketi pale pale anapoketi siku zote, nyuma ya meza ya santuri katika ukumbi wa Palatine, mji wa Hindlow, Lancashire, Uingereza. Kulia kwake nguzo. Kushoto bomba la kupasha joto, linachoma utadhani linaoka mkate. Mgongoni ukuta. Mbele meza, na juu ya meza sanduku la mumewe, Neville, lililojaa santuri ndogo ndogo kila moja ndani ya mfuko wake wa karatasi. Kutoka hapo kulitaka ujipenyeze ubavu ubavu kati ya meza na bomba, na mara nyingi Glenda alipojaribu alirudi na alama nyekundu pajani. Kwa hiyo hakujaribu sana.

Siku hiyo alivaa koti zito la kijivu, amelifunga vifungo mpaka kooni. Jasho lilimtiririka nyuma ya masikio, lakini hakulivua. Alikuwa na sababu yake.

Mbele yake watu walicheza. Walikuwa wazee kama yeye, wengine wana vipara, wengine vitambi, wamevaa fulana zao za zamani zilizoshonewa nembo ya ngumi iliyokunjwa, alama ya wapenzi wa muziki wao. Muziki ulikuwa wa wale waimbaji weusi wa Marekani ambao kwao hawakununuliwa, nyimbo zao zikavuka bahari kwenye marobota, zikaja kupendwa huku kwenye miji ya viwanda vya nguo. Na watu wa muziki huu hawachezi wawili wawili. Kila mtu hucheza peke yake, uso ameuelekeza jukwaani, kana kwamba wimbo umeandikwa kwa ajili yake tu. Linapofika lile pigo moja wanalolijua wote, ukumbi mzima hupiga kofi kwa pamoja, pa! Halafu kila mtu hurudi kwenye upweke wake mtamu.

Glenda alilijua pigo hilo kwa nyayo. Sakafu ya Palatine ilikuwa ya mbao, chini yake imejengewa springi, ukiikanyaga inakurudishia. Alipokuwa msichana alifanya kazi kiwanda cha vitunguu vya siki, na wiki nzima mikono ilinuka siki hata akijisugua kwa limau. Jumamosi ilipofika alifungasha begi lake, taulo, blauzi ya kubadilisha, na kopo la poda. Poda haikuwa ya mwili. Walikuwa wakiinyunyiza sakafuni ili viatu viteleze, na vumbi lake jeupe likipanda, Glenda aliona harufu ya siki inaisha, na yule msichana wa vitunguu anaisha nayo. Alikuwa akizunguka mpaka watu wanampisha nafasi.

Sasa sakafu hiyo ilikuwa na siku moja ya kuishi. Jengo limeuzwa. Jumatatu mafundi wangekuja na mitaimbo kuzing'oa mbao, wagawe vyumba vya kupangisha. Asiyecheza leo asingecheza tena pale, na hapakuwa na sakafu nyingine kama hiyo mji mzima. Glenda alilijua jambo hilo tangu siku tangazo lilipobandikwa mlangoni, na tangu siku hiyo alikuwa na neno moja kooni, halipandi wala halishuki.

"Koti la nini hilo, bibie? Umeiba kitu?"

Alikuwa Noreen, shoga yake wa kiwandani, amekuja na chai mbili na pai mbili za nyama na viazi kwenye sinia. Alikuwa mjane, mdomo wake haujui likizo.

"Nina baridi," Glenda alisema.

"Baridi! Umekaa kando ya tanuri. Hata pai imepata moto kwa kukusogelea tu." Noreen aliinama juu ya meza, akalifunua pindo la koti kwa kidole. Macho yakamtoka. "We Glenda! Sketi ya duara!"

"Nyamaza, Noreen."

"Na viatu vya soli ya ngozi! Mwongo mkubwa we. Umevaa kucheza, halafu umejifungasha kama kifurushi cha posta."

"Nimesema nyamaza. Neville atasikia."

Neville hakuwa mbali. Alikuwa ngazini mwa jukwaa, ameegemea fimbo, anapeana mikono na watu. Nyonga yake ilikuwa imebadilishwa miaka iliyopita. Daktari alimwambia anaweza kucheza taratibu, asiruke tu. Lakini Neville alikuwa wa kuruka. Kucheza taratibu aliona ni sawa na kuomba chakula mlangoni mwa nyumba aliyokuwa akikaribisha wageni. Akaacha kabisa, akashika kupiga santuri.

"Basi inuka," Noreen akasema. "Mimi nitakaa hapa."

"Sanduku haliachwi."

"Na mimi ni nani, mwizi?"

"Marehemu wako alikuwa mchuuzi wa santuri. Neville hajasahau."

"Mume wangu amekufa, Glenda! Nikiiba nitampelekea wapi, ahera?"

Glenda alicheka mpaka chai ikamwagikia sahanini. Lakini hakuinuka. Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na santuri moja ambayo Neville hakumruhusu mtu kuigusa. Wapiga santuri walikuwa na desturi yao: ukipata wimbo ambao mwenzako hana, unabandika karatasi juu ya lebo na kuandika jina la uongo, ili asijue akautafute wapi. Wengi walikuja kufunua zao. Neville hakufunua. Kwenye karatasi yake iliyogeuka rangi ya chai palisomeka Lenny Dupree, "Mlango wa Mvua". Hakuna Lenny Dupree duniani. Jina la kweli walilijua watu wawili, Neville na mkewe.

Ndiyo maana Duggie naye hakukaa mbali na meza ile. Duggie alikuwa dereva mstaafu wa lori la maziwa, mrefu, mwembamba, na tangu ujana alikuwa akiutafuta wimbo ule.

"Glenda mama," alinong'ona akijifanya anapangusa miwani. "Leo ndiyo mwisho. Nife sijui? Nipe herufi ya kwanza tu."

"Nenda kacheze, Duggie."

"Goti limenuna leo." Akasimama kidogo, akaangalia sakafu. "Unajua ninachokumbuka mimi hapa? Si santuri. Ni wewe. Ulikuwa unazunguka kama pia. Namwambia mke wangu mpaka leo, hujapata kuona mtu kama Glenda."

"Nilikuwa," Glenda akasema.

"Ulikuwa, mama. Wee!"

Akaondoka amefurahi, hajui alichokifanya. Alasiri nzima ilikuwa hivyo. Mmoja alikuja akamkumbusha blauzi ya njano. Mwingine akamkumbusha usiku alioteleza, akainuka hapo hapo na pigo hakulipoteza. Walimsimulia Glenda kwa Glenda, sauti wamezishusha, kama watu wanaopita kuiaga maiti. Naye aliitikia, akasema asante, na chini ya meza vidole vyake vya miguu vilikuwa vikihesabu pigo ndani ya viatu.

"Mwambie," Noreen akasema, mdomo umejaa pai.

"Nimwambie nini? Ukumbi mzima unaijua ile hadithi."

"Hadithi ni yake. Miguu ni yako."

Hadithi yenyewe ni hii. Neville alipotoka hospitali, wiki ile ya kwanza alipokaa kitini Palatine wenzake wakicheza, Glenda alimwona midomo inamtetemeka. Akamshika mkono akamwambia, "Wiki hii nitakaa na wewe." Ni hayo tu. Wiki iliyofuata Neville akamwekea kiti kabla hajauliza. Akaona aibu kukikataa. Baada ya miezi Neville akawa anawasimulia watu kwamba mkewe alisema, "Kama wewe huchezi, Neville, nami sichezi tena maisha yangu." Watu wakafuta machozi. Akasimulia tena, na tena, na hakuwa anadanganya, maana kufika hapo alikwisha kulikumbuka neno hilo kwa masikio yake. Wengine wakaanza kukumbuka kwamba nao walikuwepo wakalisikia. Glenda ni nani awanyang'anye watu wote kumbukumbu yao nzuri? Kila mwaka walimpigia makofi kwa kitu ambacho hakukisema, na kila kofi lilikuwa msumari mmoja zaidi kwenye kile kiti.

Muziki ukanyamaza. Neville alikuwa amepanda jukwaani, amesimama mbele ya kipaza sauti.

"Marafiki," akasema, "mimi si mtu wa maneno."

"Uongo!" mtu akapiga kelele, wakacheka.

"Tulikuja hapa tukiwa watoto. Leo tunaiaga sakafu. Wako waliocheza, na wako walioacha kucheza kwa ajili ya mtu." Akanyoosha fimbo kuelekea meza ya santuri. "Mnamjua ninayemsema. Aliniambia, kama wewe huchezi, Neville..."

"Nami sichezi tena!" ukumbi ukamalizia, kama watoto darasani.

Makofi yakaja. Noreen hakupiga. Alimtazama Glenda tu.

"Basi wimbo wa mwisho wa Palatine," Neville akaendelea, "utakuwa ule niliouficha. Glenda mpenzi, niletee."

Glenda akafungua sanduku. Santuri aliijua bila kuitazama, ilikaa pembeni, karatasi yake ikikwaruza kidogo. Angeweza kuichomoa na kumpa Noreen aipeleke.  Lakini akafanya jambo ambalo hata yeye hakulipanga. Akafunika kifuniko, akalikumbatia sanduku zima kifuani, akajipenyeza kati ya meza na bomba. Likamchoma. Hakugeuka.

Akaikanyaga sakafu.

Poda ilikuwa imetanda kama unga mezani siku ya mikate. Soli za ngozi zikateleza, na mbao zikamrudishia kama walivyozoeana. Sanduku lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Watu wakampisha njia wakidhani ni sehemu ya heshima, wakaanza kupiga kofi kwa pamoja, pa, pa, na mwili wake ukataka kuitika. Akauzuia. Kwanza ngazi. Akapanda moja, akapumzika, akapanda nyingine.

Neville alikuwa anatabasamu. Karibu yake alikuwa ameweka viti viwili.

"Ya nini kulibeba lote, mpenzi? Ungeleta moja. Haya njoo uketi, nimekuwekea kiti."

Glenda alikitazama kiti. Kilikuwa kizuri, cha mto mwekundu, mtu amekipangusa. Akamtazama na mumewe, kola yake imekunjika upande, ameegemea fimbo. Alimpenda. Hilo ndilo lililokuwa kufuli lenyewe.

Akamkabidhi sanduku. Ilibidi Neville aketi ili alipokee mapajani, na fimbo ikaanguka, na kipaza sauti kikabaki kati yao wawili. Glenda akaanza kufungua koti. Kifungo cha kooni kilikuwa kigumu kwa jasho, akahangaika nacho, ukumbi mzima unamtazama. Kikafunguka, na vingine vikafuata. Koti likaanguka juu ya kiti chenye mto mwekundu, na sketi ya duara, ya kijani, ikashuka ikajikunjua yote.

"Glenda," Neville akasema taratibu. "Unafanya nini?"

"Sikusema vile, Neville," akajibu, na kipaza sauti kikaipeleka sauti yake mpaka mlangoni. "Nilisema wiki ile tu. Kulilinda sanduku lako miaka yote hii sikukataa, lakini leo lishike mwenyewe. Mimi nataka kucheza."