Rumba Ndani ya Mkeka

Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu wa Tanga walitupa sabuni visimani na kufukia vitenge mashambani. Aliyekutwa na kitu cha nje kisicho na stakabadhi alibebwa, na aliyebebwa hakupata dhamana. Mwalimu Dorkasi aliyajua hayo vizuri. Mwalimu mwenzake alichukuliwa kwa sababu ya katoni moja ya dawa ya meno, na mkewe alikuwa bado anampelekea chakula gerezani.

Hata hivyo alikuja Barabara ya Kumi na Mbili, mchana kweupe, kuchagua kinanda.

Vilikuwa viwili, vya Kijapani. Shaib, mpiga taarab kutoka Pemba, alivipitisha porini pembeni mwa mpaka wa Horohoro, kisha homa ikamuua akamwachia mjane wake, Mwatumu, vinanda na hofu. Sasa Mwatumu alikuwa kwenye eda. Mwanamume asiye maharimu wake hakuingia chumbani mwake, na hata mgambo waliliheshimu hilo. Ndiyo maana vinanda vilikuwa bado vipo.

"Chagua upesi, dada," Mwatumu alinong'ona. "Mgambo wako kwa jirani, Bi Semeni. Nimesikia kabati likiburutwa."

Dorkasi hakuwahi kuchagua kitu upesi. Kinanda cha usharika kililiwa na panya mifuko yake ya upepo, na alitaka kurekodi nyimbo nyumbani kwake Chuda, kwenye kaseti, ili kwaya za Muheza na Kigombe zijifunzie. Kikubwa kilikuwa na vibao vipana vilivyozoeleka na vidole vyake, lakini kilitaka umeme, na hakikuwa na tundu la waya wa kurekodia. Angelazimika kurekodi kwa maikrofoni, na majogoo wa Chuda wangeimba pamoja na kwaya. Kidogo kilitumia betri na kilikuwa na tundu: waya ungetoka humo moja kwa moja hadi kwenye redio kaseti.

"Vibao vyake kama meno ya mtoto," alisema.

"Marehemu alikipenda hicho. Akisema kina akili kumshinda."

"Kina sauti ya kinanda cha kanisa?"

"Zimo zote humo. Mimi najua kukifuta vumbi tu."

Dorkasi alikiwasha, akainama kusoma vitufe. Maandishi mengi yalikuwa yamefutika. Kimoja, nusu ya maandishi yake imekwanguka, kilibakiwa na neno moja: stop. Mmisionari aliyemfundisha muziki aliviita "stopu" vile vivuto vya kinanda cha kanisa ambavyo ukivivuta sauti inafunguka. Basi sauti ile ilikuwa hapa. Akabonyeza.

Chumba kikajaa ngoma. Besi, kayamba, matoazi. Rumba nzima, ndani ya nyumba ya eda.

"Kizime!" Mwatumu alirusha mto juu yake. "Kizime, we Dorkasi, wataniua!"

Dorkasi hakuthubutu kukigusa tena kitufe kile. Kwa alivyofundishwa, kukigusa tena kungefungua sauti nyingine. Alipapasa swichi chini ya mto asiione. Aliziona hedifoni za marehemu juu ya meza, akashika plagi yake, akaisukuma tunduni. Rumba ikakatika.

Kisha fimbo ikagonga mlango.

"Hodi humo."

Alikuwa Mzee Ahmada, balozi wa nyumba kumi. Mwatumu alijibu kutoka nyuma ya pazia. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, mfiwa anapigiwa ngoma siku hizi?"

"Redio, baba. Betri zinakufa, inajipandisha yenyewe."

"Mimi siingii," Mzee alisema. "Lakini hawa vijana wa mgambo wamesikia. Wamekwenda kumwita mama wa UWT aje apekue. Mwanamke kwa mwanamke haina pingamizi."

Fimbo ikaondoka. Mwatumu aligeuka. "Kikubwa bila umeme ni ubao tu, nitakilaza chini ya godoro, nikilalie. Nani atamwinua mjane? Hiki kimeshasikika. Kitoe."

Hivyo ndivyo Dorkasi alivyochagua. Walikiviringisha ndani ya mkeka pamoja na hedifoni zake, wakafunga kwa kamba, akajitwika. Watu walikuwa wakiazimana mikeka ya msibani kila siku. Hakuna ambaye angemtazama mara mbili.

Alikwishafika nje, barazani penye watu, alipousikia juu ya sikio lake mlio mwembamba wa hedifoni, chi-chi-chi. Hawakuwa wamekizima kinanda. Rumba ilikuwa inaendelea ndani ya mkeka, na kilichoizuia ni plagi peke yake. Akaingiza kidole kwenye ncha ya mkeka, akaisukuma plagi na kuishikilia hapo.

Kwenye kona alisimama mgambo mwenye bunduki. Alikuwa Kristofa, sauti ya nne katika kwaya yake.

"Mwalimu! Lete nikupokee."

"Ni mwepesi tu."

"Mwepesi, na shingo imekupinda hivyo?" Alishaunyosha mkono. Kisha akainamisha kichwa. "Kuna nyenje humo?"

Dorkasi, ambaye darasani hakukubali jibu lisilo na uthibitisho, alitunga sheria papo hapo. "Kristofa, huu ni mkeka wa eda. Haushikwi na mwanamume."

Mkono ule ulirudi kama umegusa moto. "Sikujua, mwalimu. Unisamehe."

"Jumamosi usichelewe mazoezini."

Alitembea hadi Chuda bila kugeuka, kidole kimekufa ganzi. Alifunga mlango, akafunga na dirisha, akakata kamba. Alivaa hedifoni. Rumba ilikuwa palepale, haijakosea hata pigo moja.

Alikitazama kitufe kwa muda mrefu. Halafu akakibonyeza, na kinanda kikanyamaza, kama neno la kitufe lilivyosema kwa Kiingereza: simama.