Mkwe Hatazamwi

Asubuhi ile mguu wa Andongwisye ulianza kunuka. Tulinagwe, mkewe, aliisikia harufu akiwa nyuma ya msafara, mbali kidogo, mahali alipotakiwa kuwa. Mti aliokuwa akiukata mumewe shambani ndio uliomwangukia na kumvunja mguu. Gari la kijiji lilikuwa limelala kwa kukosa dizeli, mwaka ule ambao hata sabuni ilikuwa ya kuota ndotoni, na hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya milima, huko Mbozi. Ndipo akatafutwa Shaban, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akisafirisha chumvi kwa punda kati ya Tunduma na Isongole. Mgonjwa akafungwa kamba juu ya punda mmoja asianguke, mizigo ikapandishwa juu ya mwingine, safari ikaanza. Tulinagwe alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: mume wangu afike yu hai.

Taabu haikuwa milima. Taabu ilikuwa mzee Asajile, baba yake Andongwisye, aliyeshika kamba ya punda kule mbele. Kwao Undali, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hasemi naye, hamgusi. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia porini na kujifunika kanga kichwani. Tulinagwe alikuwa ameolewa miaka, amezaa, na uso wa mzee huyo alikuwa bado hajaujua. Aliijua sauti tu.

Hebu fikiria safari ya namna hiyo! Mzee akikaa karibu na mgonjwa, mke anasubiri kichakani. Mke akitaka kumnywesha mumewe uji, mzee anatangulia mpaka apotee kwenye kona. Kushusha mizigo, kukagua mgongo wa punda kama umechubuka, kumnywesha, kumfunga tena: kila kazi kwa zamu, na jua halimngoji mtu. Na mzee akiwa na neno, alilisema kwa punda.

"We punda, mwambie aliye nyuma kwamba mgonjwa ana kiu."

Shaban alicheka. "Mzee Asajile, punda wangu umemfanya tarishi!"

"Nyamaza, Mswahili we. Hujui kitu."

"Sijui kweli. Ila najua ukiizungusha kamba mkononi namna hiyo, siku punda akiteleza mtakwenda wote. Ishike kwa kiganja."

"Nimeswaga ng'ombe kabla baba yako hajazaliwa," mzee akasema, akaizungusha tena.

Tulinagwe aliyasikia yote. Alitamani kupiga kelele kwamba waache maneno, punda aende! Lakini mkamwana atapaza sauti vipi? Akauma pindo la kanga, akaendelea kutembea.

Mchana wakafika mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani na maji yalikuja mekundu, yanavuma. Shaban akatangulia na punda wa mizigo, maji yakamfika kiunoni. Akapunga mkono kutoka ng'ambo: njooni upesi, yanazidi kupanda!

Na hapo napo mila ikataka haki yake. Mwanamke akivuka maji hupandisha nguo, na baba mkwe asije akaona. "We punda," mzee akasema, "mwambie apitie kule chini, nyuma ya matete." Tulinagwe akateremka mpaka kwenye kona, peke yake, huku akinung'unika kimoyomoyo. Alikuwa amefika katikati, ameshikilia mwamba, aliposikia mumewe akipiga ukelele.

Punda alikuwa ameteleza. Mzee akabebwa na maji mpaka kamba ile ndefu ikakaza, na kamba ilikuwa imezunguka kifundo cha mkono. Sasa uzito wake wote ulikuwa ukivuta kichwa cha punda chini, na juu ya punda yuko Andongwisye, amefungwa, hawezi kujitupa.

"Achia kamba!" Shaban alipiga kelele. "Mzee, achia!"

Aachie vipi? Kamba ilikuwa imemla mkono. Maji yalimleta mpaka karibu na mwamba, kichwa kikizama na kuibuka. Akamwona mkamwana wake. Na huwezi kuamini: mzee anakufa, lakini akageuza uso pembeni!

"Usinitazame!" akasema, kinywa kimejaa maji. "Geuka!"

Tulinagwe alisita, tusimsingizie ujasiri. Mama yake alimfundisha kwamba anayemgusa baba mkwe huzaa watoto wasiokaa. Kisha akasikia punda akikoroma majini, na hasira ya safari nzima ikampanda.

"Nitageuka mume wangu akishatoka!"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mzee tangu aolewe. Akaachia mwamba, akamdaka kwapani, akamkumbatia kifuani huku miguu ameikita kwenye mawe. Kamba ikalegea. Akaifungua kifundoni kwa kucha na meno. Kule juu punda akainua kichwa, akapiga chafya, akakurupuka mpaka kwa Shaban, na mgonjwa mgongoni akilia na kumshukuru Mungu kwa mkupuo mmoja.

Tulinagwe akamkokota mzee mpaka ng'ambo. Ukingoni mzee alikaa amewapa mgongo, akitema maji. Tulinagwe akajifunika kichwa, akasogea kichakani kama kawaida. Alijua kitakachofuata: wazee watakaa kikao, ng'ombe wa kutakasa atadaiwa kwao, na aibu itamfuata mpaka kisimani. Shaban akajitia kukaza kamba za mizigo.

Andongwisye hakuwa ameona kitu, matete yalimziba. "Baba," akauliza kwa sauti ya homa, "nani alikushika?"

Mzee akapangusa maji usoni.

"Mwanangu alinishika."

"Mwana gani, baba? Umenizaa mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nimefungwa huku juu."

Asajile akainuka. Akageuka, akamtazama Tulinagwe usoni, kweupe kabisa, naye kanga ikamteleza kichwani asiwahi kuidaka.

"Huyu," akasema. "Njoo, mama. Tembea hapa karibu na mumeo. Punda nimemchosha kwa maneno."

Wakaondoka mbio mbio, Tulinagwe ubavuni mwa punda ameushika mguu wa mgonjwa usiyumbe, mzee mbele, kamba kiganjani. Mabati ya misheni waliyaona kabla jua halijatua. Andongwisye alipona, ila alichechemea maisha yake yote. Na wazee walipokuja kudai ng'ombe kwa kina Tulinagwe, walikuta Asajile amekwisha kumtoa wa kwake.