Maungamo Yaliyofika Benchi la Tatu

Kila Jumamosi mchana mama mkwe alivaa viatu vyake vyeusi, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kanisani kuungama. Na kila Jumamosi jioni alirudi uso umetakata, akajitupa kwenye kiti chake kushotoni mwa cherehani ya mkwewe, wote wawili wakielekea mlangoni, akasema, "Huo upindo umeenda upande."

Jamani! Mtu ametoka kusamehewa sasa hivi, hata viatu hajavua, kashaanza!

Mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikata uzi kwa meno asije akang'ata kitu kingine. Wiki nzima alikuwa ameambiwa chai ni maji matupu, sakafu haijafagiwa, mume amekonda. Ikifika Jumamosi bibi anakwenda kufutiwa yote kwa Salamu Maria mbili tatu, kisha anarudi kuanza upya, msafi kabisa.

"Ningekuwa Padri ningemnyima," Fundi alinung'unika huku akikanyaga cherehani. "Nikipata hela tu, tunahama. Tunamwacha hapa abishane na kuta."

Aliyasema hayo bila woga. Bibi alikuwa kiziwi, nani asiyejua? Ukimwita kutoka jikoni, kule kushoto kwake, hageuki mpaka umguse bega. Basi Fundi aliyamwaga yote yaliyomjaa, pale pale kando yake, kwa sauti ya chini, na ndiyo raha pekee aliyobaki nayo. Maana hiyo hela ya kuhamia ingetoka wapi? Wateja walikuwa wamekatika ghafla. Zamani sare za shule zilimrundikia hadi kitandani. Siku hizi akitoka sokoni anakuta mlango umenyamaza, na mama mkwe ametulia tuli kwenye kiti chake.

Jumamosi moja mumewe akamwambia, "Na wewe nenda na mama ukaungame. Umekuwa mkali hata kwa paka." Fundi akaenda, shingo upande.

Kanisani mama mkwe aliingia kwanza kwenye kile chumba kidogo cha mbao chenye pazia. Fundi alikuwa ameshakaa benchi la tatu, nyuma ya watu wengine waliosubiri.

"UNIBARIKI PADRI, NIMEKOSA!"

Lo! Waliokuwa kwenye mabenchi wakatazama dari. Mzee mmoja akaanza kukohoa kwa heshima, kusudi afunike.

"Sauti, mama," Padri alisikika akibembeleza.

"NDIYO, NAONGEZA! NIMEWADANGANYA WATEJA WA MKWE WANGU. AKITOKA, WAKIJA, NAWAAMBIA AMEACHA KUSHONA."

Fundi alisimama, akakaa, akasimama tena. Miezi yote ile! Alikuwa amelaumu fundi wa mtaa wa pili, amelaumu bei ya vitambaa, amejilaumu mwenyewe mpaka usingizi ukampotea. Kumbe mchawi wake anakula naye sahani moja! Mama mkwe akatoka, akapita mbele yake bila kumtazama, akaenda kupiga magoti karibu na altare.

Zamu yake ilipofika Fundi hata hakuomba baraka.

"Padri, umemsikia yule bibi?"

"Sijasikia kitu."

"Benchi zima limesikia!"

"Mama, lililoungamwa humu halitoki. Mimi limenifunga, na wewe uliyelisikia limekufunga vilevile. Usimwambie yeye, usimwambie mumeo, usilionyeshe hata kwa uso."

"Hata kwa uso?"

"Hata kwa uso. Haya, sasa dhambi zako."

Fundi alitaka kulia kwa hasira. Akatafuta dhambi yake ambayo haina mama mkwe ndani, akakosa. Mwishowe akasema kwamba huwa anamsema bibi yule pembeni yake, kwa kuwa hasikii. Kwamba watahama wamwache na kuta.

Padri alishusha pumzi ndefu. "Malipizi yako: kamwombe msamaha. Leo hii."

"Mimi ndiye nimwombe yeye?"

"Wewe ndiye uliyepiga magoti hapa sasa."

Jioni mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Fundi aliketi kwenye cherehani, amekaza uso mpaka mashavu yakauma, akamwinamia sikioni.

"MAMA, NIMEKUWA NIKIKUSEMA VIBAYA!"

"Usinipigie kelele," mama mkwe alisema. "Sikio lililokufa ni la kushoto. La kulia zima."

Fundi akakitazama kile kiti, akaitazama cherehani, akalitazama lile sikio la kulia lililokuwa kando yake siku zote.

"Yote uliyasikia?"

"Mpaka hayo ya kuta." Bibi alikuwa akivuta vuta kona ya kitambaa chake, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Nikaona ukikosa wateja hutahama. Kisha nikaona haya. Kukuambia usoni nikashindwa, kila siku nashindwa. Leo nikasema, haya, mkwe yuko benchi la tatu, acha nipaze sauti."

"Kumbe ulikusudia! Na Padri kanikataza hata kuonyesha kwa uso!"

"Uso wako ulionyesha tangu mlangoni, mama." Bibi akamgeukia. "Sasa ndiyo mnahama?"

Fundi alikuwa na hasira ya kumtosha hadi Jumamosi nyingine, na bado ilikuwa inachemka. Lakini ile mikono ilikuwa bado inavuta vuta kona ya kitambaa, na hilo nalo aliliona.

"Kuhama tutahama," akasema. "Na wewe utakuja, kiti chako hicho pia. Ila huko, mama, nitakuweka upande wa pili wa cherehani."