Kipengee cha Kumi na Saba

Kila Alhamisi, saa nne za asubuhi, Evanthia Vulgari alifunga sufuria ya supu kwa kitambaa, akateremka ngazi za nyumba yake pale Kambielo, mtaa wa kale wa mji wa Korfu, akaenda kwa dada yake. Kaliroi alikuwa mgonjwa kitandani kwake Garitsa, mwendo wa nusu saa. Supu ilikuwa ya kuku, mayai na limau, na mgonjwa hakuwa akila kitu kingine.

Alhamisi moja ya mwezi wa Mei alipita chini ya nguo zilizoanikwa, akakata kushoto kwenye kisima, akaingia chini ya tao, akatokea mbele ya mlango wake mwenyewe.

Alidhani ni mawazo tu. Akajaribu kichochoro cha kanisani: mlango wake. Akajaribu ngazi za kuelekea baharini: mlango wake. Wageni wenye kofia na ramani walimpita wakicheka, wakaingia chini ya tao lile lile, na akawaona kule mbele wakitokea barabarani, penye jua na magari.

Lukas, fundi viatu wa pale kisimani, alikuwa akimtazama.

"Na wewe pia, Bi Evanthia?"

"Mimi nini?"

"Unazungushwa. Mimi tangu Kwaresima. Nilikuwa nakwenda kung'olewa jino."

"Na jino?"

"Lipo. Ndiyo shida yenyewe."

Simu ikalia. "Uko wapi wewe?" alisema Kaliroi. "Njaa itaniua kabla ya ugonjwa."

"Vichochoro vinanirudisha nyumbani."

"Umejaribu cha kanisani?"

"Vyote, dada."

"Kwa hiyo leo ninywe nini, maombi?"

Evanthia akamsimamisha mgeni mmoja, mwanamke mrefu kutoka Denmaki, akampa sufuria na anwani kwenye kikaratasi. Mgeni akapita bila taabu. Mchana alirudisha sufuria ikiwa tupu, imeoshwa. Tangu hapo supu ilivushwa na wageni: Wafaransa, Wapolandi, mara moja mapadri wawili. Kaliroi alipiga simu kusema chumvi imepungua, na kwamba yule Mpolandi alikuwa na miguu mizuri.

Jumapili Gerasimos, mwanawe Evanthia, alikuja kula kama kawaida. Yeye alikuwa na nyumba mpya nje ya mji, akiingia na kutoka apendavyo.

"Ni ile orodha, mama," alisema bila kuinua macho kwenye sahani.

Ofisi ya ukarabati ilikubali kutengeneza paa kwa sharti kwamba kila kitu cha asili nyumbani kiorodheshwe, na kilichoorodheshwa hakitoki mtaani. Nakala alikuwa nayo mfukoni. Kumi na tano: jiko la makaa. Kumi na sita: kabati la mkangazi. Kumi na saba: mwanamke mzee, mwenyeji, hali nzuri.

"Nani kaniandika?"

"Waliuliza nani anaishi humu. Nikatia sahihi."

"Hukuniuliza."

"Paa lilikuwa linavuja. Kila siku ulikuwa unalalamika."

"Nililalamikia paa, Gerasimos. Sikuomba kufungwa."

"Nani kakufunga? Mlango si huo, uko wazi?"

Ni kweli ulikuwa wazi.

"Basi kanifute."

"Nimeuliza. Kitu hakifutwi mpaka ithibitishwe kwamba kimeharibika." Akamega mkate, akapangusa mchuzi.

Kaliroi alifariki mwezi wa Agosti, siku ya Jumatano, supu ya kesho yake ikiwa bado jikoni. Alikuwa ameagiza apitishwe Kambielo alikozaliwa, na jeneza likaletwa. Evanthia alimbusu paji la uso, akamtengeneza kola, akamwambia kuku tayari alikuwa ameshanunuliwa.

Walipoliinua, alishika kishikio cha nyuma, kando ya Gerasimos. Alikishika kwa mikono miwili. Lukas alisimama kisimani, kofia mkononi. Wakapita chini ya tao, jeneza likaenda, na Evanthia akawa amesimama mbele ya mlango wake, vidole vimekunjwa, viganja vikinuka vanishi.

Aligeuka, akakimbia. Alikuwa na miaka sabini na minne, na alikimbia mara nne. Mara ya nne gari la maiti lilikuwa limekwisha kuondoka, na kengele zilikuwa zikilia upande wa pili wa mji. Aliketi kwenye ngazi akazisikiliza mpaka zikanyamaza.

Mwezi wa Oktoba ofisi ilimtuma bwana mmoja mwenye miwani kuhakiki orodha. Alifungua jiko, akagonga kabati kwa kidole, kisha akamtazama Evanthia na picha iliyokuwa kwenye faili.

"Bi, hapa hukuvaa nyeusi."

"Nimefiwa na dada yangu."

"Pole sana," alisema yule bwana, na alimaanisha. Alifikiri kidogo, akaandika pembeni: mavazi yamebadilika, hali nzuri. Akatia alama ya vema, akaaga kwa adabu, akateremka ngazi, akapita chini ya tao, akaenda zake.