Kitambaa cha Ndani ya Saa

Saa ya baba ilikuwa ya mfukoni, ya Kiingereza, ya zamani sana, yenye makasha mawili ya fedha, moja ndani ya jingine. Katikati ya makasha hayo baba alitia kiduara cha kitambaa cha maua, alichokikata kwenye gauni la mama baada ya kumzika. Picha ya mama hatuna. Kila jioni baba aliifungua saa kwa nyuma, na mdogo wake alikuwa akimcheka: "Kaka, mishale iko mbele. Wewe unasoma saa kisogoni."

Baba naye akafa. Hata viti vya kuazima vya msiba vilikuwa havijarudishwa, baba mdogo akaita wakusanyaji wa vitu vya kale.

"Saa chukua," nilimwambia. "Mimi naomba kitambaa tu."

"Mwanangu, watu hawa wanataka kitu kamili. Ukitoa uzi mmoja, bei inashuka." Hakuwahi kuja kunisaidia kumgeuza baba kitandani, lakini saa aliifuta kwa tai yake kama anayefuta uso wa mtoto mchanga.

Walikuja wawili. Mmoja mnene, kavaa glavu nyeupe kama anakuja kupasua mtu. Mwenzake alikuwa mwembamba, na lenzi jichoni. Pole hawakutoa. Niliwapa chai, wa glavu alikinusa kikombe, akakisukuma kando.

Baba mdogo akaanza. "Saa hii ilikuwa ya lodi mmoja, bwana mkubwa wa Uingereza. Alimpa baba yangu mzazi kwa ushujaa wake." Babu aliinunua kwa muuza vyuma chakavu, na kuhusu ushujaa, baba alisema babu alikuwa akikimbia hata bata.

Wa lenzi akafungua kasha la nje. "Na hiki?"

"Hariri," alisema baba mdogo, macho makavu. "Mke wa lodi alikikata kwenye gauni lake la harusi."

Yule akainama, akakichunguza kwa muda. "Mke wa lodi alivaa nailoni?"

Wa glavu akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Labda alishonewa hapo mtaa wa pili. Mzee, saa tutanunua. Lodi baki naye."

Akakibana kitambaa kwa vidole viwili kama aliyeshika mende, akakidondosha sakafuni. Wakaanza kuvutana bei. Mimi nikainama kukusanya vikombe. Anayekusanya vikombe hatazamwi na mtu.

Saa ikaondoka kwa bei ya saa isiyo na lodi. Baba mdogo akarudi kutoka mlangoni akinuna. "Umeona? Ulikuwa unanisumbua kwa kitambaa kisicho na thamani."

"Ndiyo, baba mdogo."

Kilikuwa mfukoni mwangu. Pembeni kimeingia weusi wa fedha, katikati ua moja jekundu bado zima.

Akajitupa kwenye kiti cha baba, akanyoosha miguu, akauliza ni saa ngapi.

Nilimwambia atazame kisogoni.