Mfuko wa Mtu Mmoja

Baba alisema atakuja kambini endapo nitampatia cha kulalia. Alisema huku akitazama ukuta, na nilijua anatumaini nitasahau.

Kila kiangazi tulipiga hema kando ya ziwa: Baba, Mama, mimi, na mama mdogo, ambaye ni mdogo wake Mama na ndiye mwenye hema. Mama alifariki mvua zilipoanza. Yeye na Baba walikuwa wakilala kwenye mfuko mmoja mpana wa kulalia. Ulikuwa bado juu ya kabati, umekunjwa kwa mikono ya Mama, na hakuna aliyethubutu kuushusha.

Baba ni mwoka mikate. Hukanda usiku na kulala mchana, au ndivyo ilivyokuwa zamani. Tangu mazishi alikuwa akirudi asubuhi, anaketi jikoni na viatu miguuni, unga ukiwa bado kwenye nyusi, mpaka muda wa kurudi kazini ufike. Ukimuuliza kama amelala, anasema amepumzika. Mimi nilikuwa sijambo. Nilikwenda chuoni, nikarudi, nikaosha vyombo. Nilitaka jambo moja tu, atoke kwenye kile kiti kwa siku chache, na sikujua njia nyingine zaidi ya kambi.

Duka la vifaa vya kambi lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mpira mpya. Muuzaji, mwanamke aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu, aliweka chini kikombe chake cha chai nilipomwambia tunatafuta mfuko wa kulalia.

"Karibuni. Mfuko wa mtu mmoja au wa wawili?"

Baba akaanza kukagua zipu ya hema lililokuwa karibu. Akaifungua, akaifunga.

"Mmoja," nikasema.

"Wa baridi kali?"

"Wa kiangazi. Mwepesi, tunatembea kidogo kabla ya kufika. Na usiwe wa bei mbaya."

"Hapo tumeelewana. Wengine wanataka mifuko ya kulalia kwenye theluji, kumbe wanakwenda kulala nyuma ya nyumba ya shangazi."

Alishusha mitatu akaitandaza sakafuni. Wa kwanza ulikuwa mnene kama godoro. "Huu nakuonyesha tu, mzee. Ukiulalia kiangazi, asubuhi tunakupakua kwa mwiko." Wa pili ulijazwa nyuzi za kiwandani. Ulikuwa rahisi kuliko yote, lakini hata ukiukunja namna gani ulijaza begi zima. Wa tatu ulitoka kwenye kijifuko kidogo kama mkate wa nusu kilo, ukalala sakafuni, bapa.

"Huu ni manyoya ya bata, yale laini ya kifuani. Wamechanganya na machache ya bawa, ndiyo maana bei imeshuka." Alinishika mkono akaukandamiza juu ya kitambaa. "Ukisikia vijiti vinachoma, hayo ni ya bawa. Vikiwa vingi, usinunue hata kama nakuuzia mimi."

Nilisikia viwili vitatu. Muuzaji aliutundika kwenye mizani ndogo ya ndoano, na mshale haukusogea sana.

Baba alichuchumaa. Akaubonyeza kwa kidole kimoja, akaondoa kidole, akangoja.

"Haujainuka," alisema.

"Umebanwa muda mrefu, mzee. Ukifika nyumbani utandaze, uuache. Utajaa hewa wenyewe taratibu." Aliutazama unga kwenye nyusi zake. "Usiuharakishe. Huu si mkate."

"Mkate nao hauharakishwi," Baba akasema, na muuzaji akacheka akidhani ni mzaha.

Tuliuchukua huo. Nyumbani niliutandaza juu ya kitanda cha Baba, kwa kuwa hakikuwa na mtu.

Kesho yake nilipotoka chuoni nilikuta beseni kubwa la kukandia karibu na jiko, limefunikwa kitambaa kibichi. Nilidhani ni unga. Nilifunua ili nione kama umefura, nikaukuta mfuko.

"Baba."

"Ulikuwa umelala tu pale, bapa vilevile," alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nikaupa joto kidogo. Nikanyunyizia maji ya uvuguvugu usikauke juu."

"Baba, hayo ni manyoya."

"Najua ni manyoya."

Bila shaka alijua. Lakini mikono yake imekuwa ikiumua unga kwa njia hiyo tangu kabla sijazaliwa, na siku hizo mikono ndiyo iliyokuwa ikifanya kila kitu. Niliuinua. Manyoya yalikuwa yamejikusanya madonge madogo madogo, na katikati ya donge na donge kilibaki kitambaa kitupu. Ulinuka bata aliyenyeshewa.

"Basi," Baba alisema. "Nendeni ninyi. Mimi nitalinda nyumba."

Alisema upesi mno. Nilingoja moyo uniume. Haukuuma. Nilisikia friji ikinguruma, nikaenda kumpigia mama mdogo, nikamweleza, na kuweka sauti ya simu juu.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Eti umemwoka bata?"

"Nimeharibu, shemeji."

"Hujaharibu, umeloweka. Msiukamue. Utandazeni kivulini penye upepo, mvunje madonge kwa vidole, moja moja. Na wewe, mwanangu, mkalishe baba yako hapo hapo, asije akatoroka."

Tuliutandaza juu ya meza dirishani. Baba alianza upande wa miguu, mimi upande wa kichwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Unapapasa mpaka upate donge, unalisugua kati ya vidole mpaka lilegee, unatafuta jingine. Baba alikuwa na kasi kuliko mimi.

"Mama yako angenicheka," alisema baada ya muda mrefu, "mpaka akae chini."

Hakuwa amemtaja tangu tutoke makaburini.

"Angecheka," nikasema.

"Halafu angewaambia majirani."

"Angeanza na majirani."

Alitoa pumzi kwa pua, kitu kilichokaribia kicheko. Nilijua hapo ndipo mtu hulia. Nilivunja donge lingine.

Tuliurudia kesho yake, na keshokutwa. Siku moja kabla ya safari ulikuwa umekauka na kujaa, ingawa si sawasawa. Karibu na miguu palibaki pembamba. Baba akaubonyeza kwa kidole. Kitambaa kikarudi juu polepole.

"Miguu itapata baridi," alisema.

"Utavaa soksi."

Akafikiri. Kisha akachukua simu akampigia mwenzake wa tanuri, ambaye wote humwita Kipara.

"Kipara, wewe endelea bila mimi mpaka wiki ijayo... Hapana, siumwi... Nakwenda ziwani na binti yangu." Akasikiliza. "Kama nitalala? Hapo sijui. Tutaona."

Alipokata simu aliniuliza mama mdogo atatupitia saa ngapi. Nikamwambia, mapema. Akasema basi itabidi tuchemshe mayai ya njiani, akainuka kwenda kutafuta sufuria.