Kuni za Bertilla

Tanuri lilikuwa limeshawashwa ndipo habari ikaja kwamba trekta limekwama Sumbawanga mjini, halina dizeli. Kuni za kuchomea matofali ya zahanati zilikuwa kwenye tela lake. Mimi nilisema tangu mwanzo: kwanza kuni, halafu moto. Lakini Ndugu Modesti, mwenyekiti wetu wa kijiji, alikuwa ameshaahidi wilayani, na yeye akiahidi hasikii la mtu.

Mchana moto ukaanza kufifia. Tanuri likizimika katikati, matofali yanabaki mabichi, na mvua zikianza yanarudi kuwa udongo. Nasi tangu tuhamishiwe kijiji kipya, kaya zote mahali pamoja, tulikuwa tumemaliza kila kijiti cha jirani. Kuni tulizifuata mbali, huko miteremkoni. Unaondoka jogoo la kwanza, unarudi giza likiingia. Hapa karibu ilibaki miti ya chemchemi tu, na zilibaki kuni zangu.

Naziita zangu, lakini zilikuwa za Bertilla, mke wa mwanangu Eustaki. Kwetu mwanamke akikaribia kujifungua hupangiwa kuni ukutani, na haziguswi na mtu hata kama ugali wake haujaiva. Baridi ya Julai hapa Ufipa haina huruma na kichanga. Bertilla alikwisha kuzika mmoja. Safari hii nilizibeba kwa kichwa changu mwenyewe, mzigo baada ya mzigo.

Modesti akaja na vijana wenye mashoka.

"Shikamoo, Mama Eustaki."

"Marahaba. Sema lililokuleta."

Akaziangalia kuni, akaangalia pembeni. Mwiko ni mwiko, hata kwa mwenyekiti.

"Nilikuwa napita tu," akasema. Akawageukia vijana. "Twendeni chemchemini."

Nilishikwa na hasira mpaka nikacheka. Kuni za mzazi zina mwenyewe, haziguswi. Miti ya chemchemi ni ya kijiji kizima, basi haina wa kuililia! Kule kwenye mahame yetu tuliikata hivyo hivyo, na kisima kikakauka tukikiangalia.

Shoka la kwanza likasikika. Bertilla alikuwa mlangoni, ameshika tumbo.

"Mama, maji tutachota wapi?"

"Na mtoto wako ataota moto gani?" nikamfokea.

Aliinama kwa shida, akachomoa gogo la juu, akalitupa njiani.

Nikatimua mbio kuelekea chemchemini huku nikipiga kelele: "Acheni! Acheni hiyo miti! Njooni mchukue hizi!"

Walizibeba zote wakiwa wameinamisha macho. Moto ukanguruma hadi jioni, ndipo wakaziba midomo ya tanuri kwa udongo. Tanuri likishazibwa halifunguliwi mpaka lipoe lenyewe. Baridi ikiingia, matofali yanapasuka.

Asubuhi yake Bertilla akajifungua binti. Upepo ulikuwa unapenya kila ufa, na jikoni palikuwa na majivu matupu. Nilimfunika mtoto kwa kila kitambaa tulichokuwa nacho. Midomo yake ikazidi kuwa ya kijivu. Kilio chake kikapungua, kisha kikakoma.

Nikachukua jembe.

Modesti alinikuta nimeliinua mbele ya tanuri. "Mama Eustaki! Utayapasua matofali! Zahanati yetu!"

"Kuni zetu zimo humu," nikamwambia. "Nimefuata joto lake."

Nikapiga. Udongo ukameguka, na joto likanichoma uso. Nilikuwa naogopa kweli, lakini nikapiga tena. Nilingoja anikamate. Badala yake alivua koti, akalitandaza chini.

"Weka humu. Haraka, mama."

Nikayavutia matofali ya moto kotini kwa jembe, tukakimbia nayo nyumbani, koti likinuka kuungua. Tuliyazungushia kanga yale matofali, tukayapanga kumzunguka mtoto. Hakulia. Bertilla alinitazama, nami nikakata tamaa.

Kisha kidole kimoja kikacheza. Akapiga chafya, akalia kwa nguvu.

Nje ya mlango, mwenyekiti wetu naye alikuwa analia.